Ukristo Afrika haukuanza na wazungu

Kuna kauli watu wanairudia kila siku, eti Ukristo Afrika umeletwa na wazungu. Jamani, kwa huku pwani kwetu sawa, mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa 1844 na Wareno walishamtangulia, ila Afrika si Mombasa peke yake. Mwaka 180 kule Carthage, Tunisia ya leo, Wakristo walikuwa tayari wanahukumiwa kifo na liwali wa Kirumi kwa kukataa kuiacha imani yao.

Mimi kinachonigusa zaidi ni Aksum, ufalme wa kale huko Ethiopia na Eritrea. Sarafu za mwanzo za mfalme Ezana, karne ya 4, zina mwezi mwandamo na kiduara juu, alama ya dini ya zamani, halafu zile za baadaye alama hiyo haipo tena, umewekwa msalaba, kisarafu kidogo tu cha kushika kwa vidole viwili lakini kinaongea. Askofu wao wa kwanza, Frumentius, mzaliwa wa Tiro, Lebanon ya leo, aliwekwa wakfu na Athanasius, askofu wa Alexandria, pale pale Alexandria, Misri, sio Ulaya. Waanglo-Saksoni wa Uingereza walikuja kuhubiriwa na ujumbe wa Roma mwaka 597, zaidi ya miaka 200 baadaye.