Upeo wa programu ya chesi

Programu ya chesi hucheza kwa kuhesabu. Katikati ya mchezo, kila upande huwa na hatua halali kama 35. Yako moja na ya mpinzani moja tayari ni njia 1,225. Mbili mbili, zimepita milioni moja na nusu. Hata Deep Blue, kompyuta iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997 ikipima mikao ya kete karibu milioni 200 kwa sekunde, ilibidi ikatishe hesabu mahali fulani. Hapo ndipo upeo wake. Kilicho ng'ambo ya upeo, kwa programu, hakipo.

Hans Berliner, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa chesi ya barua, aliieleza kasoro hii miaka ya 1970. Tuseme malkia amezingirwa na hana pa kutokea. Programu inaona kuwa ikitoa kitunda, kete ndogo kabisa, bure, mpinzani atalazimika kukila kwanza, na kuliwa kwa malkia kutasogea nje ya upeo. Basi kwa hesabu yake malkia amepona! Inatoa kitunda, inatoa kingine, na malkia anakwenda vilevile.

Mabingwa waliinusa kasoro hiyo. New York, mwaka 2003, katika mchezo wa tatu dhidi ya programu ya X3D Fritz, Kasparov aliufunga ubao: vitunda vikakabana uso kwa uso, na chake kimoja kikafika mraba wa b6, ndani ya upande wa Fritz, kwenye hatua ya 12. Hapakuwa na cha kuhesabu. Fritz ikampeleka askofu d6, ikamrudisha e7, kitunda chake cha a5 kikaliwa. Mchezaji wa klabu tu angesukuma kitunda cha safu ya f kumwendea mfalme. Fritz haikukigusa hadi iliposhindwa kwenye hatua ya 45. Faida ya kukisukuma ilikuwa mbali mno.

Ubao ukiwa wazi, anayeumia ni mtu. Mwaka 2006 mjini Bonn, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati huo, hakuona kuwa programu ya Deep Fritz ingemfunga mfalme wake, yaani shahamati, kwa hatua moja. Programu haikosi kitu cha karibu hivyo.

Siku hizi kuufunga ubao hakumwokoi mtu. Tangu 2020 Stockfish, programu nyingine ya chesi, hupima mikao kwa mtandao wa neva, yaani mfumo uliojifunza kutokana na mikao mingi. Tatizo limebaki zaidi kwenye mikao ambayo mwenye kete chache amejifungia kama bomani: programu huweza kuonyesha kuwa mwenye kete nyingi anashinda, ilhali hana pa kupenyea.