Kapoteza usemi kwa kiharusi, mbona anaimba?

Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja ambaye kiharusi kilimpooza upande wa kulia, kikamwachia maneno mawili matatu. Ukimwamkia "shikamoo", "marahaba" ilitoka papo hapo, safi kabisa. Ukimuuliza anataka nini, alihangaika, akanyoosha kidole, akaishia kukasirika. Lakini Jumapili kwaya ikianzisha tenzi za zamani, mzee aliimba ubeti mzima na maneno yakanyooka. Watu walisema ulimi umepooza. Nami nilisema hivyo hivyo kwa miaka, bila kujiuliza ni ulimi gani huo unaopooza siku sita na kupona ya saba.

Ulimi wake haukuwa na kosa. Wapo wagonjwa wa kiharusi ambao misuli ya ulimi na midomo hulegea kweli, lakini hao matamshi yao huwa mazito kila wanapofungua kinywa. Yake ilikuwa afazia: mtu anajua anachotaka, ila ubongo unashindwa kulitafuta neno na kulipanga. Kwa watu wengi kazi hiyo hufanywa na nusu ya kushoto ya ubongo, ile ile inayoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kupooza kulia na kukosa maneno mara nyingi huja pamoja.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1745 Mswidi Olof Dalin aliandika habari za mtu aliyepooza, asiyeweza kuzungumza lakini aliyeimba tenzi za kanisani. Mwaka 1861 daktari Paul Broca, huko Ufaransa, alimpokea mgonjwa aliyejibu karibu kila swali kwa "tan, tan". Akipandwa na hasira, mgonjwa huyo alitoa tusi kamili la Kifaransa. Tusi hilo, nadhani, linafundisha kuliko ile "tan" iliyompa umaarufu.

Kosa langu la pili lilikuwa la kisomi zaidi, kwa hiyo lilichelewa kunitoka. Nilisoma mahali kwamba lugha hukaa kushoto na muziki kulia. Basi kushoto kukiharibika, muziki hubeba maneno na kuyapitisha mlango wa pili. Maelezo matamu, na niliwasimulia wengi. Shida ni kwamba hayaelezi "marahaba". Hakuna muziki katika "marahaba", wala katika tusi.

Mfikirie fundi cherehani. Kila sentensi mpya ni nguo ya kushona: apime, akate, aunganishe, mteja akisubiri. Ila ukutani kwake zinaning'inia nguo zilizokwisha kushonwa zamani: salamu, sala, kuhesabu moja hadi kumi, matusi, nyimbo za utotoni. Kiharusi kimevunja cherehani; nguo za ukutani bado zipo. Mzee anapoimba hashoni, anatungua. Ndiyo maana anaweza kuimba "maji" katikati ya ubeti, kisha akashindwa kuomba maji mezani. Neno limeshonewa ndani ya vazi, na hawezi kufumua mkono wa shati peke yake. Hata wewe mzima, nikikuuliza herufi gani inatangulia P, huenda ukaanza kuimba alfabeti kutoka mwanzo.

Mwaka 2011 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, waliipima hoja hii kwa wagonjwa 17. Kuimba hakukuwasaidia kuliko kusema maneno yale yale kwa mdundo. Kilicholeta tofauti ni mdundo wenyewe, hasa kwa walioumia sehemu za ndani za ubongo, na maneno kuwa ya mazoea. Wavuvi wanaovuta mashua wanaelewa: wimbo hauna nguvu ya kuvuta, unachotoa ni wakati wa kuvuta.

Hata hivyo 17 ni wachache, na watafiti wa Montreal walikuwa wameona mwaka 2006 kwamba kuimba pamoja na mtu mwingine huwasaidia wagonjwa kuliko kusema pamoja naye. Kwa hiyo sauti ya muziki siifukuzi kabisa. Naipunguzia cheo tu.

Na tiba ipo. Tangu 1973 wataalamu wa Boston walibuni njia ambayo mgonjwa huimba sentensi fupi kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wake wa kushoto ukigongwa mezani kwa kila silabi. Polepole sauti ya wimbo huondolewa na maneno yanabaki. Je, ni nusu ya kulia inayofanya kazi hiyo? Picha za ubongo zilizopigwa Ufaransa mwaka 1996 zilionyesha kushoto kukiamka. Za Boston, miaka kadhaa baadaye, zilionyesha njia za kulia zikinenepa. Makundi yote mawili yalikuwa madogo mno kumaliza ubishi.

Majaribio ya Uholanzi kwa watu waliougua zamani yalikuwa makali zaidi: sentensi zilizofanyiwa mazoezi ziliboreka, zile zisizofanyiwa karibu zikabaki palepale. Kwa maneno ya fundi wetu, ukuta umeongezewa nguo na cherehani bado imevunjika. Lakini kama nguo mojawapo ni "naomba maji", mzee wetu angeivaa kila siku.