Satelaiti haikuja kumfukuza mrusha puto

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye kauli kwenye bajeti: "Siku hizi satelaiti zinapima joto na unyevu wa hewa kuanzia chini hadi juu. Ya nini kuendelea kuteketeza fedha kwenye maputo ya hali ya hewa?" Swali hili nimeshalijibu mdomoni mara nyingi mno. Leo naliandika.

Satelaiti haipimi joto la hewa. Inapima mionzi inayotoka kwenye angahewa: ile ya kabonidioksaidi karibu na maikroni 15 (infraredi), ya oksijeni kwenye gigahezi 50 hadi 60 na ya mvuke wa maji karibu na gigahezi 183 (hizi mbili ni maikrowevu). Kila chaneli, yaani kipande kidogo cha mawimbi hayo, hupokea mionzi mingi zaidi kutoka tabaka fulani, lakini tabaka lenyewe lina unene wa kilomita kadhaa, na matabaka ya chaneli jirani yanapandana. Joto tunalipata baadaye, kwa kukokotoa kinyumenyume. Na hesabu hiyo haina jibu moja. Hali nyingi tofauti za hewa zingeweza kutoa mionzi ileile.

Ni sawa na kuonjeshwa mchuzi ukatakiwa utaje kiasi cha kila kiungo. Anayeweza ni yule anayejua nyumba ile hupika vipi siku zote. Anaonja ili ajue leo kimezidi nini na kimepungua nini. Kwetu sisi anayeijua nyumba ni modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa: utabiri wake wa saa chache zilizopita ndio mahali pa kuanzia, na mionzi inausahihisha.

Wengi huchanganywa na wingi wa chaneli. Kipimaji cha IASI, kilichoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2006 kwenye satelaiti ya Metop-A, kina chaneli 8,461. Mtu akisikia hivyo anadhani tuna vipimo 8,461 vya angahewa. Hatuna. Chaneli hizo zinarudia habari moja kwa namna nyingi, na vituo vikubwa vya utabiri hutumia mia chache tu kati yake. Habari zilizo huru kweli, ukijumlisha joto na unyevu, ni dazeni chache.

Tazama maana yake kwenye mchoro wa joto kwa kimo. Pwani yetu, wakati wa kusi, mara nyingi kuna tabaka jembamba la hewa yenye joto lililoikalia hewa yenye ubaridi chini yake. Wingu likifika hapo linasimama. Mvua kubwa itanyesha au haitanyesha kwa kutegemea kama tabaka hilo litapenyeka. Radiosondi, kile kipimaji kinachoning'inia kwenye puto, ikipita, mstari wa joto unavunjika ghafla kwenda kulia, pembe kali kabisa, ndani ya mita mia mbili au tatu. Mstari wa satelaiti wa mahali hapohapo na saa hiyohiyo unapita mlainiii, kama hakuna kitu. Satelaiti haijakosea. Wastani wa tabaka zima imeupata vizuri sana, pengine kwa tofauti ya nyuzi moja tu. Ila pembe ile ndiyo niliyoihitaji, na kwenye wastani haimo. Kwa hiyo wanaoweka mistari hiyo miwili ubavuni kisha wakaandika "kosa la satelaiti", nao wanaudhi vilevile.

Na si kwamba wazo la kuigeuza satelaiti kuwa puto halijawahi kujaribiwa. Lilijaribiwa kwa miaka mingi. Vipimaji vya kwanza vya aina hii viliruka na Nimbus 3 mwaka 1969. Baada ya hapo mionzi ilikuwa inageuzwa kwanza kuwa joto, kisha joto hilo linaingizwa kwenye modeli kana kwamba puto limepita pale. Kizio cha kusini, kwenye bahari tupu, lilisaidia. Kizio cha kaskazini, penye maputo mengi, faida ilikuwa ndogo, na mara nyingine utabiri uliharibika. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, vituo vikubwa vilipoanza kuilisha modeli mionzi yenyewe na kuiachia ipime kila chaneli kwa uzito wake. Tangu hapo utabiri wa kizio cha kusini, uliokuwa nyuma sana, umekaribia kulingana na wa kaskazini. Kwa hiyo asinielewe mtu vibaya: bila satelaiti hizi, utabiri wa siku tano mbele usingekuwa hivi ulivyo leo.

Lakini mionzi ina mapendeleo, yaani kosa linaloegemea upande mmoja. Kipimaji kinasogea kidogo kidogo, na fomula zetu za mionzi nazo hazijakamilika, kwa hiyo modeli hulazimika kukadiria kosa la kila chaneli na kulitoa. Itajuaje kama kosa ni la satelaiti au ni la kwake yenyewe? Kwa kuegemea vipimo visivyohitaji kusahihishwa hivyo: radiosondi, na mawimbi ya GPS yanayopindwa na angahewa, kama yanayopimwa na satelaiti sita za COSMIC-2 tangu 2019. Hayo mawimbi ni hodari huko juu. Kwenye unyevu mzito wa chini, ukanda wetu wa tropiki, yanalegea. Ukiondoa puto hapo, modeli inaanza kuisahihisha satelaiti ifanane na makosa yake. Tena takwimu zitapendeza, kwa sababu tofauti kati ya viwili hivyo itapungua!

Twende Ziwa Victoria, ambako jambo hili si la nadharia. Usiku upepo wa nchi kavu unaingia ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, na radi zinaumuka kuelekea alfajiri, wavuvi wakiwa majini. Metop inapita pale kama saa nne usiku, kabla mawingu hayajajaa. Huo ni muda mzuri. NOAA-20 inapita kama saa nane, na hapo infraredi inaishia juu ya wingu. Maikrowevu inapenya wingu jembamba, si mvua nzito wala barafu. Pembeni kuna nchi kavu, na chaneli zinazoona chini zinachanganya joto la hewa na la udongo, hivyo nyingi tunazitupa. Bado, unyevu wa saa nne usiku ni habari ninayoitaka.

Vitabu havisemi wazi kwamba faida yenyewe ni vigumu kuigawa. Modeli yetu ya kanda hupokea hali ya hewa ya mipakani mwake kutoka modeli ya dunia, ambayo tayari imekula mionzi ileile. Utabiri ukiboreka siku ya pili, sehemu kubwa huenda imeingilia mipakani, si kwa kazi yetu. Imani yangu ipo kwenye saa kumi na mbili za kwanza. Hata hapo tunajipima kwa vituo vichache mno vya mvua.

MTG-S1, iliyorushwa Julai 2025, ina kipimaji cha infraredi kinachokaa juu ya ikweta bila kuondoka. Ulaya itapimwa kila nusu saa. Afrika imo ndani ya duara lake, ila kwa zamu chache zaidi. Nina hamu nayo sana.

Kwa hiyo mwenye bajeti akitaka ushauri wangu: puto la saa 9 usiku lisiguswe, na la saa 9 alasiri lirudi pale lilipokatwa. Fedha ikibaki, inunue antena ya kupokea satelaiti moja kwa moja inapopita juu yetu. Data ikizungukia Ulaya ikatufikia saa tatu baadaye, modeli ya kanda imeshaanza kukimbia bila hiyo, na mvuvi ameshaondoka mwaloni.