Maandishi Ambayo Hatukuandikiwa Sisi

Karatasi nyingi zinazofika mezani kwangu, nikiwa mtunza nyaraka, ziliandikwa na watu waliojua kuwa siku moja zingesomwa na wengine: mihutasari ya vikao, mikataba, hati za mali, barua rasmi zenye nakala jaladani. Hata hivyo, katikati ya majalada hayo, na zaidi ndani ya vitabu vinavyotolewa na familia baada ya mwenyewe kufariki, hujitokeza karatasi za namna nyingine kabisa: orodha ya vitu vya kununua, kijibarua cha kuomba radhi, tiketi yenye namba ya simu mgongoni, picha ya watu watatu isiyo na jina hata moja. Wageni wa chumba chetu cha kusomea huzipita haraka hati zenye mihuri, lakini wakifika kwenye karatasi hizi husimama, huinama na kuanza kuulizana maswali.

Naamini kivutio hicho kinaanzia kwa msomaji aliyekusudiwa. Mwandishi wa kijibarua alikuwa na mtu mmoja tu akilini, na mtu huyo si wewe wala mimi. Kwa hiyo hakujipamba kwa ajili yetu, hakueleza yale ambayo mwenzake aliyajua tayari, wala hakuhofia tutamwonaje. Mwaka 2001 nchini Marekani, Davy Rothbart na mwenzake Jason Bitner walianzisha jarida la Found, lililokusanya vikaratasi vilivyookotwa na wasomaji wake. Wazo lilianza na kijibarua ambacho Rothbart alikikuta kwenye kioo cha gari lake huko Chicago, kilichoachwa hapo kwa kudhaniwa kuwa gari ni la mtu mwingine. Mwandishi anamshutumu mpenzi wake kwa kumdanganya kuwa yuko kazini, anasema anamchukia, kisha chini kabisa anamwomba amtafute baadaye. Mtu anayeandika ili achapishwe angechagua hisia moja na kuifuta nyingine, ilhali hapa zote mbili zimebaki bega kwa bega, kama zinavyokaa ndani ya mtu aliyeumizwa na bado anapenda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitoka jalalani. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 1896 kuingia 1897, wataalamu wawili wa Uingereza, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walifukua vilima vya taka vya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri, ambako ukavu wa ardhi ulikuwa umehifadhi vipande vya mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, vinavyokadiriwa kufikia laki tano. Miongoni mwa vipande hivyo imo barua ya karne ya 2 au ya 3 kutoka kwa mtoto aitwaye Theon kwenda kwa baba yake, ambaye naye aliitwa Theon. Mtoto amekasirika kwa kuachwa nyumbani. Anaanza kwa kejeli kwamba baba amefanya vyema kweli kutomchukua kwenda naye mjini; kisha anatishia kwamba asipopelekwa Aleksandria hatamwandikia tena, hatazungumza naye wala hatamtakia afya njema; na anamalizia kwa kusema kwamba asipoitwa hatakula wala hatakunywa. Barua imejaa makosa ya tahajia. Mtu mwenye mtoto nyumbani akiisoma huisikia sauti hiyo mara moja, na karne zote zilizopita katikati hazimsumbui hata kidogo.

Hata hivyo, si maneno peke yake yanayotuvuta. Nilipata kuikuta orodha ya manunuzi ndani ya kitabu cha ushonaji, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule, ikiwa bado na mstari mwekundu wa pembeni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo karatasi imechakaa hadi kukaribia kutoboka, jambo linaloonyesha kwamba ilikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Kwa wino wa bluu na mwandiko wa mtu mzima imeandikwa: uzi mweusi, betri mbili, sabuni. Chini yake, kwa penseli na mwandiko wa mtoto, limeongezwa neno rangi. Neno hilo limekatwa kwa wino uleule wa bluu, na chini ya mkato huo limeandikwa tena kwa penseli, safari hii kwa herufi kubwa mara mbili. Hakuna sentensi hata moja kwenye karatasi hiyo, lakini mjadala mzima wa nyumbani umo.

Kubadilika kwa mwandiko ni jambo ambalo mtunza nyaraka hujifunza kuliangalia kabla ya kusoma. Katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, ambako udongo uliolowa na kukosa hewa ulihifadhi vibao vyembamba vya mbao vilivyoanza kupatikana mwaka 1973, upo mwaliko wa siku ya kuzaliwa ambao Claudia Severa alimpelekea Sulpicia Lepidina karibu na mwaka 100. Mwili wa barua uliandikwa na karani. Mwishoni mwandiko unabadilika, unakuwa mzito na usio na mazoea, kwa sababu Severa mwenyewe ameshika kalamu ili amuage rafiki yake, anayemwita dada. Maneno hayo machache ni kati ya maandishi ya kale zaidi ya Kilatini yanayojulikana kuwa yaliandikwa na mkono wa mwanamke. Kutoka ngome hiyohiyo kimepatikana kibao kinachozungumzia kutumwa kwa soksi, ndara na nguo za ndani, nami nakihesabu kuwa na thamani sawa na taarifa yoyote ya kijeshi.

Jambo linalonitia wasiwasi ni urahisi wa kuyajaza mapengo. Karatasi iliyookotwa hutupa mwanzo bila mwisho, na akili ya binadamu haipendi kukaa na nusu ya habari. Ndiyo maana mtu akisoma mistari mitatu tu hutoka na kisa kamili cha ndoa iliyovunjika. Raha hiyo ni halali, tena ni sehemu kubwa ya kivutio chenyewe, lakini isigeuke kuwa maelezo yanayoandikwa kwenye kadi ya maonyesho. Kuhusu orodha ile ya manunuzi, ninachoweza kusema ni kwamba kuna miandiko miwili na mkato mmoja. Mzazi mkali, mtoto mpenda kuchora, fedha zilizopungua: hayo ni yangu, si ya karatasi.

Vitu vilivyopotea, tofauti na vilivyotupwa, vina uzito mwingine, kwa sababu huenda mwenyewe bado anavitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulitumia zaidi ya pochi 17,000 katika nchi 40, zilizokabidhiwa kwa wahudumu wa mapokezi kana kwamba zimeokotwa. Pochi hizo zilikuwa za kuonyesha vilivyomo, ndani yake mlikuwa na kadi za jina, orodha ya manunuzi na ufunguo, nyingine zikiwa na fedha na nyingine bila fedha. Zenye fedha ziliripotiwa zaidi kwa mwenyewe, asilimia 51 dhidi ya asilimia 40. Watafiti walijaribu pia kuondoa ufunguo, kitu kisicho na faida yoyote kwa aliyekabidhiwa, na pochi zilizokuwa nao ziliripotiwa kwa wingi zaidi. Huyo mgeni aliyekabidhiwa pochi alikuwa anamfikiria mtu aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa.

Wajibu huo hauishi mwenyewe anapofariki. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Willard, katika jimbo la New York, ilipofungwa mwaka 1995, zaidi ya masanduku 400 ya wagonjwa yalikutwa darini, yakiwa na picha, barua, nguo na zana za ufundi. Kuyaonyesha kunawarudishia utu watu waliojulikana kwa ugonjwa wao tu. Papo hapo, hakuna hata mmoja aliyekubali sanduku lake lifunguliwe mbele ya umma. Katika kazi yangu nimechagua kuficha majina, anwani na namba za simu kwenye kila kijibarua ambacho mwandishi wake au watoto wake huenda bado wako hai, hata pale ambapo kufanya hivyo kunapunguza ladha ya maonyesho.

Ukiokota karatasi ya namna hii na ukaamua kuihifadhi, andika kwa penseli, kwenye karatasi nyingine, mahali na tarehe uliyoiokota, kwa sababu kijibarua kilichokutwa ndani ya kitabu cha sala na kile kilichokutwa kituo cha basi havisomwi kwa namna moja. Usiibandike kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka manjano na kupenya ndani ya nyuzi za karatasi, na usiifanyie lamineti. Kama ilikuwa ndani ya kitabu, andika pia ukurasa. Risiti nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia baada ya muda, hivyo yenye ujumbe mgongoni ipigwe picha pande zote mbili siku ileile.