Oili ikipita alama ya juu, injini itaumia?

Galoni ya oili inayouzwa madukani hapa Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Changamwe, mara nyingi huwa ya lita 4. Injini ya 1NZ-FE ya cc 1500, ile iliyomo kwenye Probox nyingi zinazozunguka mjini, hutaka lita 3.7 oili ikibadilishwa pamoja na filta, na lita 3.4 filta isipoguswa. Fundi akiimimina galoni yote, na mwenye gari akafurahi kwamba hakupunjwa, injini ishabeba ziada ya lita 0.3, au 0.6. Madereva wanaofika kwenye karakana yetu ya mafunzo huuliza: imezidi kidogo tu, kuna ubaya?

Ikizidi kidogo kweli, hakuna. Lakini kwanza tupatane ni kidogo kiasi gani. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini ya dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, hadi ya juu ni takriban lita moja. Oili ikiipita alama ya juu kwa robo ya umbali huo, umezidisha kama robo lita. Kiasi hicho mimi huwaambia watu waendeshe magari yao na walale usingizi. Ikikaribia nusu lita, ipunguze, na usifunge safari ya Nairobi kabla hujafanya hivyo. Kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, injini itakuwa ikivuta kwa nguvu saa nyingi mfululizo. Ikifika lita nzima, usiliwashe gari. Mwite fundi aje hapo lilipo.

Sababu iko chini ya injini, ndani ya sampu. Oili hutulia humo, na juu yake kidogo huzunguka krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ambayo gari likienda kasi huzunguka mara 3,000 au zaidi kwa dakika. Watengenezaji waliacha nafasi baina ya uso wa oili na krankishafti, na injini ikiwaka nafasi hiyo huongezeka, kwa kuwa sehemu ya oili imepanda kwenye njia zake, kwenye filta na juu kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Ndiyo maana robo lita husameheka. Ikizidi sana, krankishafti huanza kuipiga oili kama mtu apigaye mayai, nayo ikajaa mapovu. Pampu ikivuta mapovu haisukumi oili, inasukuma hewa, na krankishafti haiwezi kuelea juu ya hewa ndani ya beringi zake kama inavyoelea juu ya oili. Taa nyekundu ya oili ikimetameta kwenye gari ambalo jana lilijazwa hadi juu, oili kuzidi ni jambo la kushuku mapema, pamoja na pampu yenyewe.

Kuna wanaoamini kwamba oili nyingi huongeza presha ya oili. Haiongezi. Presha hutoka kwenye pampu na hudhibitiwa na vali yake, na mapovu huishusha. Wengine hutisha watu kwamba sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, zitalipuka. Kwa ziada ndogo hilo ni la kutiliwa chumvi: mvuke wa ndani ya injini una njia yake ya kupumulia. Sili iliyokwisha kuchakaa, hiyo ndiyo itakayovuja zaidi, na ingevuja tu hata bila galoni yako.

Madhara ninayoyaona kuwa ya kweli hupitia hiyo njia ya kupumulia. Matone ya oili hubebwa na mvuke hadi kwenye paipu ya hewa, yakanyonywa na kuungua ndani ya silinda. Utaona moshi wa buluu, utasikia harufu ya oili iliyoungua, na ukifungua boksi la filta ya hewa huenda ukalikuta limelowa. Plagi huchafuka. Zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili huishia kwenye ekzosi, zikaiharibu polepole kataliti, kile kifaa cha kusafishia moshi, na kataliti mpya si kitu cha kununua kwa pesa za chai.

Kwa dizeli neno hili ni zito zaidi. Injini ya dizeli haihitaji plagi kuwasha mafuta. Ikinyonya oili yake yenyewe kwa wingi, inaweza kuitumia kama mafuta, mwendo ukapanda bila mtu kukanyaga, na ufunguo ukizimwa isizimike. Ikitokea kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia ya juu kabisa, uachie klachi injini ikabwe. Usitie mkono kwenye mdomo wa paipu ya hewa.

Hata hivyo, wengi wanaokuja na hofu ya oili kuzidi hawakuzidisha, wamepima vibaya. Kuna anayepima kwenye foleni ya Likoni, gari limeinamia feri, kisha anashangaa. Pima mahali palipo sawa, injini ikiwa imepata moto kisha ikazimwa dakika 5 hadi 10 oili ishuke yote, isipokuwa kitabu cha gari lako kikielekeza vingine. Chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe hadi mwisho, ndipo uichomoe usome. Pande mbili za dipstiki zikitofautiana, shika ile inayoonyesha chini.

Na oili ikishabadilishwa pamoja na filta, usipime kabla ya kuwasha ukaamini. Filta mpya ni tupu. Kwenye ile injini ya Probox, tofauti baina ya lita 3.7 na 3.4 ndiyo inayomezwa na filta. Washa dakika moja au mbili, zima, ngoja, pima tena. Mara nyingi ile ziada iliyokutia hofu haitakuwepo.

Lililo baya kuliko galoni yote ni oili inayopanda bila kuongezwa. Ikinuka petroli na imekuwa nyepesi, mafuta yanavuja kuingia kwenye sampu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji: huenda ni gasketi ya silinda hedi, na rejeta yako itakuwa inapungua maji wakati huohuo. Au gari lilipita kwenye mafuriko ya mvua za masika, zinapojaa barabara zetu. Hapo kupunguza hakutoshi, na kuwasha ni kujiongezea hasara. Dizeli mpya zenye chujio la masizi nazo huweza kupandisha oili zikiendeshwa safari fupi fupi tu za mjini, kwa sababu dizeli inayotiwa kulisafisha chujio hilo hushukia kwenye oili.

Kupunguza ziada kwenyewe ni kazi ndogo. Njia ninayoipendelea ni kupitisha mpira mwembamba kwenye tundu la dipstiki na kuvuta kwa pampu ya mkono au bomba kubwa la sindano, kidogo kidogo, ukipima. Kulegeza nati ya chini ya sampu pia kunafaa, ila oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto, na gari lisimame juu ya stendi; jeki peke yake isiaminiwe. Nati ikirudishwa ipewe washa (pete ya kuzibia) mpya. Oili safi iliyotolewa iwekwe kwenye chupa safi yenye kifuniko, itafaa kuongezea baadaye. Ile chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro mingi ya kisiwani huishia baharini.

Wenye bodaboda mnisikilize kwa makini zaidi, kwa maana hesabu ya gari haiwafai. Injini ya pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hubeba oili ya takriban lita moja tu, na oili hiyohiyo ndiyo inayoiogesha klachi. Robo lita ambayo Probox haiihisi, kwenu ni robo ya oili yote. Chupa ya lita moja iliyobaki na tone chini yake haina hasara kama mnavyodhani. Someni alama, kisha mfunge kifuniko.