Kukulia penye mbu si chanjo

"Nimekulia Apac, kaskazini mwa Uganda, malaria hainiwezi." Si kweli. Kinga inayojengeka kwa kuugua mara kwa mara huzuia zaidi homa kali. Vimelea vya malaria hubaki kwenye damu, na mbu huvichukua na kuvisambaza. Ukiishi Ulaya miaka kadhaa, kinga hiyo hupungua. Hata mama aliyekulia hapohapo, mimba ya kwanza humweka hatarini: vimelea hujishikiza kwenye kondo la nyuma kwa protini ambayo mwili wake haujaizoea.

Kinga huchelewa kwa sababu kimelea kina jeni zipatazo 60 za kubadilishia "vazi", yaani protini ya juu ya seli nyekundu ya damu kilimoingia (kabati zima la nguo!). Chanjo ya malaria iitwayo R21, iliyoanza Uganda 2025, hailengi vazi hilo. Hulenga protini ya kimelea kabla hakijaingia kwenye ini. Mtoto hupewa dozi akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18.