Kwa nini pachikodi ya kijani haipatani na tundu la bluu?

Geuza kile kisanduku cha intaneti ya faiba pale nyumbani, kile ambacho taa yake ya LOS huwaka nyekundu mambo yakiharibika. Waya mwembamba unaoingia pale, ambao mafundi huuita pachikodi, una kichwa cha plastiki cha kijani au cha bluu. Wengi hudhani ni urembo tu wa kiwandani. Na kwa kweli ukivitazama vichwa hivyo viwili huoni tofauti nyingine: ukubwa ni ule ule, umbo ni lile lile, hata mlio wa "tak" vikiingia ni mmoja. Cha kijani kinaingia kwenye tundu la bluu bila kulazimishwa. Intaneti ndiyo inayogoma.

Siri iko kwenye ncha. Ukitoa kifuniko utaona kijiti cheupe cha kauri chenye kipenyo cha milimita 2.5. Katikati yake umepita uzi wa kioo wa mikromita 125, na hata huo wote haupitishi mwanga: mwanga hupita kwenye kiini chake tu, chenye upana wa mikromita 9 hivi. Unywele wako ni mnene kuliko kiini hicho mara kadhaa. (Usikichungulie ikiwa upande wa pili umeunganishwa. Leza inayotumika humo haionekani kwa macho, kwa hiyo kutoona kitu si dalili kwamba hakuna kitu.)

Sasa, mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani, kama asilimia 4 yake hurudi ulikotoka. Ndiyo sababu usiku, taa ikiwaka chumbani, unajiona sura yako kwenye kioo cha dirisha. Kwenye faiba jambo hilo hilo ni kero, kwa sababu mwanga unaorudi huisumbua leza iliyoutuma na kuchafua mawasiliano.

Watengenezaji wana dawa mbili. Konekta (yaani kile kichwa cha waya) ya bluu, inayoitwa UPC, husuguliwa ncha yake hadi iwe laini na yenye mbinuko mdogo sana, ili ikikutana na mwenzake kioo kiguse kioo pasiwe na hewa katikati. Kinachorudi hapo hakizidi sehemu moja katika 100,000. Konekta ya kijani, APC, nayo hugusana na mwenzake vivyo hivyo, ila ncha yake imekatwa mshazari kwa digrii 8. Mwanga kidogo unaorudi hushindwa kuifuata njia uliyojia. Huugonga ukingo wa kiini kwa pembe ambayo faiba haiwezi kuushikilia, ukavujia pembeni na kupotelea huko. Kinachobaki ni sehemu moja katika milioni.

Kwa nini kampuni za faiba za majumbani zipende ya kijani? Kwa sababu uzi mmoja unaotoka kwao hugawanywa na kigawanyi kwenda nyumba 32 au hata 64, na si kila tundu la kigawanyi lina mteja. Tundu tupu la UPC linatazamana na hewa, kwa hiyo linarudisha ile asilimia 4 yote. Tundu tupu la APC halirudishi karibu chochote, maana mshazari wake unafanya kazi hata pasipo mwenzake. Tena baadhi ya kampuni hupitisha televisheni kwenye uzi huo huo kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, na mawimbi ya televisheni ya namna hiyo hayavumilii mwanga unaorudi.

Ukichomeka kijani kwenye bluu, ncha ya mshazari inakutana na ncha iliyonyooka. Zinagusana ukingoni tu, katikati panabaki mwanya wa hewa, na mwanga unatoka umepinda kidogo, unakosea shabaha. Mara nyingi nusu ya mwanga au zaidi hupotea hapo. Aliye karibu na kigawanyi huenda asigundue kitu, akabaki kulalamika tu kwamba mtandao unayumba. Aliye mbali atawakiwa na LOS. Data imepita chini ya Bahari ya Hindi hadi Mombasa au Dar es Salaam, ikaja kufia sebuleni kwenye mita mbili za mwisho! Ubaya zaidi, ukisukuma kwa nguvu unaweza kuikwaruza ncha ya ndani ya kifaa, na hapo kubadilisha waya hakusaidii tena.

Jambo la kuangalia basi ni matundu, pande zote mbili, kabla ya kununua. Visanduku vya ukutani mara nyingi huwa vya kijani, lakini vifaa vyenyewe vinakuja vya aina zote mbili, hata vya kampuni moja ya kutengeneza. Kama ukutani ni kijani na kwenye kifaa ni bluu, pachikodi yenye kichwa cha kijani upande mmoja na cha bluu upande wa pili ipo madukani. Bei yake haitofautiani sana na nyingine.

Ofisini rangi ya kuangalia ni ya ganda la waya, si ya kichwa tu. Ganda la njano ni singomodi, yenye kile kiini cha mikromita 9. La rangi ya chungwa au la samawati ya bahari ni maltimodi, yenye kiini cha 50, au 62.5 kwa zile za zamani. Hazichanganywi: mwanga ukitoka kwenye kiini kipana kwenda chembamba, karibu wote humwagika nje. Anayeamua ni moduli, kile kipande kinachotuma na kupokea mwanga, iliyo kwenye swichi. Ikiandikwa 850 (nanomita za mwanga wake), inataka maltimodi. Ikiandikwa 1310, kwa kawaida ni singomodi. Kwa kasi ya gigabiti 10, maltimodi ya daraja la OM3 hufika mita 300 na la OM4 mita 400, wakati singomodi yenye moduli ya LR (ya masafa marefu) hufika kilomita 10. Mimi kwa jengo jipya ningelaza singomodi kila mahali, maana kasi zikipanda miaka ijayo hutang'oa waya, utabadilisha moduli tu.

Kuhusu urefu, watu huhofia bure. Singomodi hupoteza kama desibeli 0.35 (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kilomita nzima, kwa hiyo kati ya mita 3 na mita 10 hakuna tofauti ya kupimika. Kiungo kimoja, kwa upande mwingine, hupoteza desibeli 0.2 hadi 0.5. Ndiyo kusema mita 10 za waya mmoja ni bora mara nyingi kuliko vipande viwili vifupi vilivyounganishwa kwa adapta nyuma ya kabati.

Mkunjo ndio wa kuogopwa. Faiba ya kawaida, ya aina ya G.652, haitaki kupindwa kwa duara lenye nusukipenyo chini ya sentimita 3. Ile ya G.657.A2 huvumilia hadi milimita 7.5, kwa hiyo kwa nyumba yenye watoto, makochi na pembe za milango, itafute hiyo. Mwanga unaoleta intaneti kwako, wa nanomita 1490, huvuja kwenye mkunjo mapema kuliko ule wa 1310 unaopeleka vyako.

Hata hivyo pachikodi sahihi ikiwa chafu ni kazi bure. Chembe ya vumbi isiyoonekana inatosha kuziba sehemu ya kiini, na mafuta ya kidole hufanya vivyo hivyo. Kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu. Mafundi hutumia kalamu maalumu ya kusafishia au pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, na kifuniko hakitolewi mpaka dakika ya kuchomeka.

Dukani sema hivi, kwa mfano: SC/APC kwa SC/UPC (SC ni jina la umbo la kichwa hicho), singomodi, uzi mmoja, G.657.A2, mita 3. Ukishaichomeka, fungua ukurasa wa mipangilio ya kifaa, utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kwa faiba nyingi za nyumbani, za mfumo wa GPON wa kugawana uzi mmoja, kati ya -15 na -25 dBm ni salama (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga; -25 ni dhaifu kuliko -15). Ikikaribia -27, safisha ncha kwanza, kisha tazama tena rangi.